Kiongozi wa Makusudi

Vijana wa karakana ya maji wameniomba niandike machache kuhusu uongozi kazini. Nadhani sababu ni kwamba nimestaafu, na watu huamini mstaafu ana muda. Mimi ninaishi Kalenga, nina mahindi, nina maharage, nina mbuzi wawili wasio na adabu, na nina mume aliyestaafu kabla yangu ambaye siku hizi anasimamia jinsi ninavyoosha vyombo. Muda sina. Lakini niliahidi, kwa hiyo ninaandika.

Sitaeleza nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Vyeo viko ofisini kwenye jalada, na mshahara ukishaliwa hausimuliki. Nitaeleza habari za watu niliofanya nao kazi Iringa na Mbeya, na jinsi nilivyojifunza kunyamaza, jambo ambalo mama yangu mzazi alijaribu kunifundisha kwa miaka akashindwa.

Siku ya kwanza niliripoti karakana ya Iringa nikiwa nimevaa sketi ya kijivu na viatu vyenye visigino. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha ufundi wa mabomba, na nilidhani mtu mwenye cheti huwekewa kiti. Msimamizi wa kikosi alikuwa Mzee Sanga, Mkinga mrefu mwenye koti la mvua alilolivaa hata kiangazi. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia, akanitazama kuanzia kichwani akaishia miguuni.

"Binti, hivyo viatu vinajua tunakwenda wapi?"

"Hapana, mzee."

"Haya. Leo vitajua."

Tulikwenda Kitwiru, bomba lilikuwa limepasuka kwenye tope. Kisigino kimoja kiko huko mpaka leo, na kama siku moja wataalamu wa mambo ya kale watachimba pale, watakitungia historia ndefu. Nilirudi karakana nikichechemea, nimeloa mpaka kiunoni, na Mzee Sanga akaniambia nimefanya kazi vizuri. Kazi niliyofanya ilikuwa kushika ndoo.

Alinifundisha mengi. Spana huvutwa kwa mkono, si kwa hasira, kwa sababu ukikaza kwa hasira nati inapasuka na hasira inabaki. Msumeno wa chuma hauvutwi kama kisu cha mkate. Bomba la zamani ukiligonga lina sauti yake, na la plastiki halina sauti, kwa hiyo utumie macho. Haya yote niliyashika haraka. Jambo moja tu la Mzee Sanga lilikuwa linanikera. Tukifika kwenye tatizo na valvu ikishafungwa, aligeuza ndoo, akaikalia, akaanza kuuliza watu. "Wewe unaonaje?" Aliwauliza mafundi. Aliniuliza mimi niliyekuwa sijui kitu. Alimuuliza mwenye duka la jirani. Siku moja alimsimamisha mama aliyekuwa anapita na mkungu wa ndizi kichwani, akamuuliza naye anaonaje, na yule mama akasimama pale na mkungu wake akaeleza.

Nilijua kwa hakika kwamba Mzee Sanga hajui kazi. Nikajiambia, siku nikiwa mkubwa mimi, mpita njia na ndizi zake atapita.

Ukubwa ulikuja baada ya miaka mingi ya kushika spana, na ulinikuta Mbeya. Nilipewa kikosi cha mabomba makuu. Kulikuwa na Ambakisye, Mnyakyusa wa Rungwe mwenye mabega ya kubebea mlango, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya usharika wake, mtu ambaye akishika sululu ardhi inaona afadhali ijifungue yenyewe. Kulikuwa na Tumaini, fundi msichana aliyekuja na stashahada na maswali. Na kulikuwa na wengine wachache ambao hawatakasirika nisipowataja, kwa kuwa walishanikasirikia zamani kwa mambo mengine.

Nilikuwa mwepesi wa kuamua. Simu ikilia kwamba bomba limepasuka mtaa wa Forest au wa Ghana, nilikuwa nimeshatoa amri kabla aliyepiga hajamaliza salamu. Waliniita Mama Chapchap, na jina lile nililipenda. Maji yakikatika Mwanjelwa siku ya soko, huhitaji kusubiri taarifa ya ofisi, unawasikia wenyewe. Kwa hiyo mimi nilikuwa chapchap, na kazi zilikwenda, na mwanzoni sikuona ubaya wowote.

Ubaya niliuona mtaa wa Soweto, hapo hapo Mbeya. Tulikuwa tunatafuta bomba linavujia wapi. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji wa barabara, lakini maji ni kama uvumi, yanapotokea siyo yalipoanzia. Mimi nilikuwa nimesimama naongea na ofisi kwa simu, nyuki akaja kunizunguka sikio, nikamfukuza kwa mkono. Kisha nikaingia kwenye pikapu kwenda karakana kuchukua kiungo cha bomba. Niliporudi nilikuta mtaro mzuri ajabu mbele ya kibanda cha kinyozi. Umenyooka, kuta zimekatwa kama keki ya harusi, na ni mkavu kabisa. Kinyozi na wateja wake walikuwa wamekwama ndani wakisubiri daraja.

"Nani kasema mchimbe hapa?"

"Si wewe mama," alisema Ambakisye, akijifuta jasho. "Ulionyesha na mkono. Mara mbili."

"Nilikuwa nafukuza nyuki."

Alifikiri kidogo. "Sisi tulijua unasisitiza."

"Lakini Ambakisye, bomba la hapa unalijua. Tulilitengeneza wote mwaka jana."

"Nalijua. Linapita kule kwenye mparachichi."

"Sasa mbona umechimba huku?"

"Mama, hukuuliza linapita wapi. Ulionyesha."

Niliwatazama wengine. Wote walikuwa wanajua. Tumaini alijua, dereva alijua, nadhani hata kinyozi alijua. Nilikuwa nimepata kile ambacho kila bosi hukiomba, watu wanaotii bila swali, na kilikuwa kimenichimbia mtaro mbele ya kinyozi. Tuliufukia kimya kimya. Yule kinyozi alitoka akatushukuru, sijui kwa lipi.

Haukupita muda mrefu ofisi ikatupeleka semina ya uongozi, katika hoteli moja pale mjini. Mkufunzi alikuwa kijana mwerevu kutoka Dar es Salaam, aliyekuja Mbeya mwezi wa sita na shati la mikono mifupi. Siku ya kwanza alifundisha akiwa amekunja mikono kwapani. Siku ya pili alifundisha akiwa amejifunga blanketi la hoteli, na lazima niseme lilimpa hadhi. Alisema kiongozi bora huongoza kwa makusudi na kwa tafakuri. Asiwe mtu wa kurukia jambo. Kila asubuhi kabla ya kazi akae kimya, ajiulize leo anataka nini na kwa nini. Niliyapenda maneno yale. Nilimkumbuka yule nyuki na nikaona mkufunzi ananisema mimi.

Jumatatu nilikusanya kikosi karakana.

"Kuanzia leo," niliwaambia, "mimi nitakuwa natenda kila jambo kwa makusudi."

Mkufunzi alikuwa amelitumia lile neno mbele ya watu wa ofisini, nao walitikisa vichwa wakala biskuti. Mimi nililitumia mbele ya watu wa kawaida, ambao wanajua neno makusudi hutembea na nani. Mtoto akivunja kikombe kwa bahati mbaya anasamehewa. Akivunja makusudi, anatafutiwa fimbo.

Ambakisye alivua kofia. "Mama, kama ni ile habari ya nyuki, tunaomba yaishe."

Nilijaribu kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kutazama chini. Nikaamua kuonyesha kwa vitendo. Kila asubuhi nilikaa kwenye pikapu, vioo nimepandisha, macho nimefumba, natafakari. Siku chache baadaye Tumaini aligonga kioo akiwa na chupa ya maji ya moto yenye limau na tangawizi, akasema, "Pole, mama." Siku iliyofuata nilifumbua macho nikamkuta mchungaji wa usharika wa akina Ambakisye amesimama kando ya gari na Biblia yake. Alisema alikuwa anapita tu. Karakana yetu iko mwisho wa njia, mbele yake kuna ukuta.

"Mama Kikoti," alisema kwa upole, "mzigo wowote unaweza kushirikishwa."

"Sina mzigo, mchungaji. Ninatafakari."

"Ndivyo huanza," alisema mchungaji.

Tumaini ndiye aliyenipa la kufikiri zaidi ya semina nzima. Tulikuwa tunafunga mfuniko wa chemba, yeye na mimi, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, kule kwenye gari huwa unafikiria nini?"

"Kazi ya siku. Nani aende wapi, tuanze na lipi."

"Peke yako?"

"Ndiyo, peke yangu."

"Basi si ni vilevile, mama. Ila sasa umefumba macho."

Nilikaa na maneno hayo kwa miezi bila kujua niyafanye nini. Kisha masika ikaja, na ikanisaidia kwa njia ambayo nisingeiomba.

Mji wa Mbeya unakunywa maji ya chemchemi za milimani. Mvua ikinyesha sana, majani na tope huziba nyavu za kwenye chanzo, na lazima watu wapande wakazisafishe, la sivyo maji mjini yanapungua mpaka yanakuwa mate. Masika ile kijiji kimoja cha juu kilifunga njia. Waliweka magogo, wakaweka akina mama wenye majembe, na kikosi cha kwanza kilichopanda kilirudishwa na maneno ambayo Ambakisye, mtu wa kwaya, alikataa kuyarudia. Mjini maji yalianza kupungua. Mwisho wa bomba lile kulikuwa na hospitali, na muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi alinipigia kusema tangi lao limebaki na maji ya kufikia kesho, na wana akina mama wanaojifungua usiku na mchana. Hakupaza sauti. Ndiyo maana ilinikaa.

Siku hiyo nilishinda Uyole kwenye mvua, nikipigia watu kelele juu ya ngurumo za malori. Kesho yake asubuhi niliamka, nikafungua mdomo kumsalimia mume wangu, ikatoka sauti ya mlango wa stoo. Nilijaribu tena, ikatoka hewa. Mume wangu alisema, "Mungu ni mwema," kisha akajifanya alikuwa anazungumzia mvua.

Simu ikalia. Alikuwa meneja.

"Mama Kikoti, leo ndiyo leo. Naongea na polisi, tunapanda wote, tunaondoa yale magogo. Unasemaje?"

Sikuwa na cha kusemea.

"Halo? Mama Kikoti, upo?"

Nikagonga simu kwa kidole kuonyesha nipo.

"Najua umekasirika," alisema. "Najua unachofikiri. Unafikiri tukienda na polisi leo, kesho nani atalilinda bomba. Ni kilomita ngapi porini, watalikata popote." Akanyamaza. Nami nikanyamaza. "Na kuna akina mama pale mbele, najua. Mtu akiumia itakuwa habari nyingine." Nikapumua kwa shida, kifua kimebana. "Sawa, sawa, usigune. Nenda wewe kwanza. Nakupa mpaka jioni."

Alikata. Tangu nianze kazi chini yake sikuwahi kumshinda katika mabishano, na siku hiyo nilimshinda bila kutamka neno.

Tulipanda na Tumaini na Ambakisye. Nilimnong'oneza Tumaini kwamba yeye ndiye atakayesema. Lakini pale kwenye ofisi ya kijiji, watu wamejaa kwenye mabenchi na wengine wamejibanza nje chini ya bati, mama mmoja alisimama akaninyooshea kidole mimi. Aliitwa Mama Sikujua, na nilikuja kugundua kwamba hakuna alichokuwa hajui.

"Huyu mtoto hatumtaki," alisema. "Tunamtaka mkubwa. Wewe mama, kaa hapa mbele."

Nilikaa. Mwenyekiti wa kijiji alifungua kikao, akazungumzia viazi. Mafundi waliopita zamani walikanyaga viazi vya watu. Nilitikisa kichwa. Mzee mmoja akasema gari letu hupita limefunga vioo, hatusalimii, kama vile kijiji ni mawe. Nilitikisa kichwa. Kila mmoja akimaliza alinitazama, akisubiri nijitetee, na mimi nilikuwa na majibu mazuri sana yaliyokuwa yamelala kooni kama mzigo wa forodhani. Nilikuwa na sheria ya kulinda vyanzo. Nilikuwa na hospitali. Nilikuwa na polisi wa jioni. Kama ningekuwa na sauti yangu, ningekuwa nimeshavitoa vyote kwenye hoja ya viazi.

Viazi vikaisha. Salamu zikaisha. Ukimya ukaja, mvua inapiga bati, watu wananitazama nami nawatazama. Ulikuwa ukimya mrefu, na nilitamani kuukata kuliko nilivyowahi kutamani chakula.

Aliyeukata ni Mama Sikujua, na safari hii alisema kwa sauti ya chini.

"Haya, tuseme ukweli. Siyo viazi. Ni ule uzio."

Ofisi yetu ilikuwa imempa mkandarasi kazi ya kuzungushia chanzo uzio, kuzuia ng'ombe. Ulikuwa uzio mzuri na lango lake lilikuwa upande wa barabara, gari liingie vizuri. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba akina mama wa kijiji walikuwa wakipita upande wa pili kwenda kuchota kwenye kidimbwi kidogo chini ya chemchemi. Uzio ulipoziba, wakawa wanazunguka kupitia korongoni. Mama Sikujua akamwita binti mmoja kutoka nyuma, mkwe wake, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwikoni na tumbo la mimba liko mbele.

"Aliteleza na ndoo," alisema. "Mtoto tumboni Mungu kamlinda. Mkono hakuulinda mtu. Na maji yanapita hapa, yanakwenda kwenu mjini, sisi tunayaangalia. Tunataka bomba letu."

Sikutikisa kichwa. Nilimtazama yule binti, na nikamfikiria muuguzi wa wodi ya wazazi, na nikaona kwamba jambo lililokuwa juu ya mlima na lililokuwa chini lilikuwa moja.

Ambakisye alisimama kabla sijamwambia kitu. Hilo halikuwahi kutokea tangu nimfahamu. "Mama, nyuma ya gari kuna vipande vya bomba na bawaba. Lango la kina mama naliweka leo leo, upande wao."

Nikamvuta Tumaini, nikamnong'oneza. Akasimama, akatafsiri kwa sauti. "Mama anasema lango ni leo. Bomba la kijiji anasema hana mamlaka ya kuahidi. Anasema atalipeleka ofisini, na jibu ataleta mwenyewe kwa miguu yake, hata kama jibu ni hapana."

Niwaambie kitu, vijana. Kunong'ona na kutafsiriwa kunampa mtu heshima ya askofu. Kikao kizima kilitulia.

"Huyu amesema hawezi," alisema Mama Sikujua, akiwageukia wenzake. "Wote waliokuja hapa walikuwa wanaweza. Mwacheni apite."

Magogo waliyaondoa wenyewe. Vijana wa kijiji waliingia nasi kwenye maji kusafisha nyavu, Ambakisye akakata uzio akaning'iniza lango, na mkwe wa Mama Sikujua alikuwa wa kwanza kulipitia, mikono mitupu, kulijaribu tu. Jioni muuguzi alipiga simu kusema tangi linajaa. Nilimgongea kwa kidole. Kuhusu bomba la kijiji, nilipanda mlima ule mara nyingi kupeleka jibu la "bado", na mara nyingi nilipewa viazi vya kuchemsha pamoja na maneno makali. Hatimaye lilipatikana.

Lakini nirudi kwenye gari siku ile, tukiteremka. Ambakisye alikuwa nyuma, akainama kati ya viti akasema, kwa heshima kubwa, "Mama, leo nimeelewa. Leo umefanya makusudi. Ndaga fijo." Ndiyo asante sana ya kwao.

Nilitaka kumweleza ukweli. Sauti sikuwa nayo.

Sauti ilirudi baada ya wiki, na hapo ndipo kazi ilipoanza hasa. Kunyamaza ukiwa huna sauti ni ugonjwa tu. Kikao cha kwanza baada ya kupona nilimkatiza Tumaini kabla hajafika kwenye kitenzi. Nikaona nisipotafuta dawa nitarudi kuchimba kwa kinyozi. Dawa niliyoipata ni pipi za kifua, zile kali za rangi ya kijani. Kila jambo likiletwa mbele yangu niliweka moja mdomoni, na sharti langu lilikuwa kwamba siitafuni. Mpaka iyeyuke, watu wote wameshasema, na nusu ya maamuzi yameshajiamua. Tumaini alianza kubishana nami hadharani. Ambakisye aligeuka kuwa mtu wa maoni, na kuna siku nilimkumbuka yule wa zamani kwa huzuni. Wakubwa wa ofisini wao walidhani naumwa. Nilipelekwa kupigwa picha ya kifua, nikaambiwa mapafu yangu ni ya msichana.

Nilihamishiwa tena Iringa nikiwa na mfuko mzima wa pipi na sifa iliyonitangulia. Kikosi cha huko kilikuwa kimeambiwa kwamba mama huyu hapendi mtu anayekurupuka, anataka kusikia kila mtu. Basi bomba likapasuka Ilula, kando ya barabara kuu, palepale wauza nyanya wanapopanga matenga yao. Tulipofika maji yalikuwa yanaruka juu kama mti. Nikaweka pipi. Fundi wa kwanza akatoa maoni. Wa pili akamshukuru wa kwanza, akaongeza. Wa tatu aliomba kurudi nyuma kidogo kwenye historia ya bomba lenyewe. Yalikuwa maoni mazuri, na kila mtu alikuwa anaamini mwenzake ameshatuma mtu kufunga valvu. Nyanya zilianza kuelea. Zilivuka barabara zikiongozana, na basi la abiria lilisimama, watu wakateremka kuziokota.

Muuza nyanya mmoja, mama mnene mwenye kitenge kimeloa, alinijia usoni. "Mama, fungeni maji kwanza. Mtaongea baadaye."

Niliitema ile pipi.

Wiki hiyo nilikwenda kumsalimia Mzee Sanga nyumbani kwake. Alikuwa amezeeka sana, koti bado analo. Nilimsimulia habari ya Ilula, akacheka mpaka binti yake akaja kuangalia.

"Mimi nilikuwa nafunga kwanza," alisema. "Ndiyo nakaa. Wewe uliona kukaa tu."

"Mzee, na kwa nini ulikuwa unauliza kila mtu? Mpaka yule mama wa ndizi?"

Nilitegemea hekima. Nilikuwa nimekaa mkao wa kuipokea.

"Nilikuwa nachoka," alisema. "Ukiuliza watu, unapata nafasi ya kupumzika. Kisha nikaona wanajibu vizuri." Akafikiri. "Yule wa ndizi alikosea, lakini."

Nilicheka njia nzima mpaka Kalenga. Mimi nilifundishwa na mafua, yeye alifundishwa na mgongo, na kijana wa Dar es Salaam sijui nani alimfundisha, labda alisoma. Nadhani hakuna anayeanza kuongoza kwa makusudi. Jambo linakutokea, unaona limefaa, na siku inayofuata unaamua kulirudia ukiwa mzima. Makusudi yako hapo kwenye kulirudia. Na valvu ifungwe kwanza.

Tumaini alihamishiwa Iringa mwishoni, ashike nafasi yangu. Siku yangu ya mwisho walininunulia keki na kitenge, meneja akasoma hotuba iliyokosea jina langu, na katikati ya hotuba simu ikalia: bomba limepasuka Mlandege. Kikosi kikaondoka mbio na keki midomoni. Mimi sikutakiwa kwenda. Nilikwenda, na kitenge changu kipya begani.

Nilifika nikasimama pembeni. Fundi mmoja alikuwa anatafuta valvu, wengine wamemzunguka Tumaini, naye anasikiliza, kichwa ameinamisha, hakatizi mtu. Nililiona kosa lao waziwazi. Nilikuwa na ushauri mzuri sana, mfupi, umekaa tayari kwenye ulimi, na nikasubiri aniulize. Alizungusha macho kwa watu wote mmoja mmoja, na hatimaye yakanifikia mimi.

"Samahani, mama," alisema Tumaini. "Umesimama juu ya mfuniko wa valvu."

Nikasogea.